Matoazi ya Manfuha

Sogeeni karibu, wanangu. Anayetaka kulala alale sasa, maana hadithi ya leo ni ndefu na ina safari ndani yake. Tunavuka Bahari ya Shamu mpaka Riyadh, mji mkuu wa Saudia. Kusini mwa mji huo kuna mtaa uitwao Manfuha. Nyumba zake zimebanana, vichochoro vyake havipitishi gari kwa raha, na ukitembea jioni utasikia Kiamhari, Kioromo, Kisomali na Kiarabu cha Sudan kabla hujasikia Kiarabu cha wenyeji. Wengi wanaokaa pale ni watu wa kazi za jasho: vibarua wa ujenzi, madereva, mafundi, akina mama wanaofanya kazi katika nyumba za watu. Ni mtaa wa wageni, na wageni hao wengi wametoka upande wetu huu wa bahari.

Msidhani Manfuha ni mtaa wa jana. Kabla Riyadh haijatanuka na kuumeza, ulikuwa mji wa peke yake, mji wa mitende na visima kando ya bonde la Wadi Hanifa. Na mpaka leo ndani ya Manfuha ipo barabara yenye jina la mwenyeji wake aliyekufa karibu miaka 1400 iliyopita. Inaitwa Barabara ya Al-A'sha. Mwandishi wa Kisaudia, Badriya al-Bishr, aliitungia riwaya, na mwaka 2025 riwaya hiyo ikageuzwa tamthilia, watu wakaitazama kwenye runinga usiku wa Ramadhani. Hilo neno runinga liwekeni mfukoni, nitawaomba baadaye.

Nia yangu ni kuwasimulia habari za wanamuziki, wanamichezo na watu wengine mashuhuri waliotutoka miaka hii ya karibuni, ninyi mkiwa wadogo au hamjazaliwa. Lakini naanza na huyu wa kale, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha jinsi jina la aliyekufa linavyotembea.

Al-A'sha ni lakabu. Maana yake ni mtu ambaye macho yake hayaoni vizuri giza likiingia, na neno lenyewe ni ndugu wa isha, ile sala tunayoisali usiku. Jina alilopewa na wazazi wake ni Maymun ibn Qays. Alikuwa mshairi, na mashairi yake yalikuwa na mlio mtamu hata Waarabu wakamwita Sannajat al-Arab, yaani matoazi ya Waarabu. Mmewahi kuyaona matoazi? Ni zile sahani mbili za shaba anazoshika mpiga bendi, moja kila mkono. Anazigonganisha mara moja, kisha anasimama kimya, na mlio unaendelea kuzunguka hewani, unapungua, unapungua, mpaka unajinyamazia wenyewe. Mikono imeshatulia kitambo, sauti bado ipo.

Sasa tegeni sikio hapa, maana watu wengi hupapita mbio. Kabla hajawa mshairi, Al-A'sha alikuwa rawi. Rawi ni mtu aliyehifadhi kifuani mashairi ya mtu mwingine. Zama zile shairi halikuwekwa kabatini. Lilikaa kichwani mwa rawi, naye akaenda nalo sokoni, safarini na katika mahema ya wakuu, akalisema neno kwa neno na kumtaja mwenyewe. Al-A'sha alikuwa rawi wa mjomba wake, al-Musayyab ibn Alas. Alibeba ya mjomba kwanza, ndipo akatunga ya kwake. Na ya kwake nayo yakabebwa na wengine, kifua kwa kifua, mpaka wakaja wataalamu wakayatia kitabuni. Neno letu riwaya, hilo mnaloliona kwenye majalada ya vitabu vya shule, limechipuka kwenye shina moja na rawi. Kila mnapolitamka mnamtaja mbebaji.

Nitawapa kisa kimoja tu cha Al-A'sha kama wanavyokisimulia Waarabu. Palikuwa na bwana mmoja aitwaye al-Muhallaq, fukara, mwenye mabinti ambao hakuna mtu aliyekuja kuwaposa. Al-A'sha akawa anapita sehemu zile akielekea soko la Ukaz, yalikokusanyika makabila kila mwaka kuuza, kununua na kusikiliza washairi. Watu wa nyumbani kwa al-Muhallaq wakamwambia: mkaribishe huyo kabla hajakaribishwa na mwingine. Akajibu: nimkaribishe kwa kitu gani? Alikuwa na ngamia jike mmoja. Jike huyo ndiye maziwa ya asubuhi, ndiye safari, ndiye akiba ya siku ya shida. Akamchinja. Mgeni akala, akanywa, akaona mabinti wanavyohudumu, akauliza ni akina nani. Akaambiwa, hao ni binti za ndugu yako. Asubuhi akaondoka, hakusema neno.

Alipofika Ukaz alisimama mbele ya watu akausifu moto wa mwenyeji wake, moto unaowashwa usiku ili msafiri aliyepotea aone pa kwenda, akalitaja jina la al-Muhallaq. Basi watu wakaanza kumiminika kumsalimu mzee, na wanasema haukupita muda mabinti wote wakaolewa. Mtu masikini ambaye angesahauliwa na wajukuu zake mwenyewe, sisi leo tunamjua kwa jina, kwa sababu alitajwa vizuri mara moja na mtu mwenye sauti.

Al-A'sha hakuwa malaika. Alisifu mvinyo sana katika mashairi yake. Na uzeeni, wasimulizi wanaeleza, alitunga kasida ya kumsifu Mtume Muhammad akafunga safari kumwendea. Makureshi wakamkatiza njiani, Abu Sufyan akiwa ndiye mkubwa wao, wakampa ngamia 100 arudi kwao kwanza. Akawapokea, akageuka. Alipokaribia Manfuha ngamia wake akamwangusha, akafa papo. Hiyo ilikuwa mnamo mwaka 629 hivi. Waliobeba habari zake hawakuyakata hayo. Wameyaleta mpaka kwetu pamoja na utamu wake, nami nawashukuru, kwa kuwa wamenipa mtu kamili. Katika shairi lake mojawapo anasema amefika mpaka kwa Najashi, mfalme wa Uhabeshi. Leo watu wa Uhabeshi ndio wanaokwenda dukani kila asubuhi katika mtaa wake.

Si mbali na Manfuha yapo makaburi ya Al-Oud. Humo wamezikwa wafalme wa Saudia: Abdulaziz mwaka 1953, Fahd mwaka 2005, Abdullah mwaka 2015. Mkienda kutafuta jiwe lililochongwa jina la mfalme hamlipati. Kaburi ni udongo na jiwe tupu, sawasawa na la kibarua, kwa sababu ndivyo wanavyoifuata dini katika nchi ile. Mahali kama hapo, jina likibaki limebaki midomoni.

Na midomoni mwa watu wa Riyadh na Jeddah hamkosi jina la Talal Maddah. Alizaliwa Makka mwaka 1940, akawa mwimbaji na mpiga udi, wakamwita Sauti ya Ardhi. Wimbo wake Maqadir unajulikana karibu kila nyumba yenye kusikiliza muziki wa Kiarabu. Tarehe 11 Agosti 2000 alikuwa jukwaani katika ukumbi wa al-Muftaha mjini Abha, kule milimani kusini magharibi mwa Saudia. Ameketi kitini, udi mapajani, okestra nyuma yake, na watu majumbani wanatazama moja kwa moja. Anapiga, vidole vinatembea kwenye nyuzi. Ghafla mwili unalegea, anainama upande mmoja, anaanguka pamoja na udi wake. Hakuamka tena. Alikuwa na miaka 60. Nimewahi kuitazama picha ile mara moja, na sijataka kuitazama tena. Nawaomba ninyi pia, mkitaka kumjua Talal Maddah, tafuteni nyimbo zake, si dakika ile. Siku hizi mtu akifa mbele ya kamera watu huirusha picha ya kifo kwa marafiki kabla hata hawajamsomea dua. Huko ni kumfanya mtu afe tena na tena, na ya miaka yote arobaini aliyoimba hakuna anayeuliza.

Saudia pia ilikuwa na Etab, aliyezaliwa Riyadh mwaka 1947, mmoja wa wanawake wa kwanza wa nchi ile kujulikana kwa kuimba. Jina la ukoo wake, Hawsawi, linakumbusha Wahausa wa Afrika Magharibi, mahujaji waliobaki Arabuni vizazi na vizazi. Alifariki Cairo mwaka 2007.

Lakini aliye karibu nasi zaidi ni Abu Bakr Salem. Huyu alizaliwa Tarim, Hadhramaut, mwaka 1939, katika ukoo wa masharifu wa Balfaqih, na alifariki Riyadh tarehe 10 Desemba 2017. Watu wa pwani yetu hawahitaji kuambiwa Hadhramaut ni wapi. Majina mengi ya koo za Lamu na Mombasa yametoka huko kwa majahazi. Hata neno Riyadh tunalo: maana yake ni bustani, na Lamu upo Msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Swaleh, ambako watu huja kutoka kila upande kwa ajili ya Maulidi. Kwa hiyo sauti ya Abu Bakr Salem ilipotoka redioni, wazee wa pwani hawakuisikia kama ya mgeni.

Na Lamu walikuwa na mpiga udi wao, Zein l'Abdin Alamoody. Alitutoka mwaka 2016. Vidole vyake vilijua Kiarabu na Kiswahili pamoja. Msikilizeni siku moja: udi unauliza, sauti inajibu, hakuna haraka yoyote. Nyuma yake alikuwapo mtu mwingine ambaye jukwaani hamkumwona, Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mtaalamu wa lugha. Nabhany alizijua tungo za kale za Lamu kuliko wengi, naye alimpa Zein maneno ya kuimba. Naye akatutoka mwaka 2017, hata miaka miwili haijapita tangu mwenzake aondoke.

Toeni sasa lile neno mfukoni. Runinga. Nabhany ndiye aliyelibuni, kama alivyobuni tarakilishi kwa ile mashine mnayochezea michezo. Hakutaka Kiswahili kikae kikiombaomba maneno ilhali kina mali yake. Kila mtangazaji wa Kenya anaposema runinga, mzee Nabhany anapita chumbani. Wengi wanaolisema hawajui. Ninyi mmeshajua.

Zanzibar nako ni vivyo hivyo. Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Jina lake kamili ni Fatuma binti Baraka. Umri wake hakuna aliyeuandika alipozaliwa. Wengi waliamini amevuka miaka 100. Alipiga ngoma ya unyago, akafunda wari, akaimba taarabu Ulaya na kwingineko, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya dunia ya muziki ya WOMEX. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mikwaruzo, sauti iliyoona mambo. Je, alizitoa wapi nyimbo zile? Kwa Siti binti Saad. Siti ndiye aliyeanza kurekodi santuri Bombay mwaka 1928, akafariki mwaka 1950. Bi Kidude alizisikiliza nyimbo za Siti akiwa msichana, akazihifadhi, akaziimba miaka zaidi ya 60 baada ya mwenyewe kuondoka. Rawi wa kike, wanangu! Na Shaaban Robert naye akaandika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu ambacho mpaka leo mnaweza kukisoma. Siti alipata wabebaji wawili, mmoja wa koo na mmoja wa kalamu. Wapo waimbaji hodari wa zama zake ambao hawakupata hata mmoja, nami siwezi kuwatajia majina yao, kwa sababu hiyo hiyo.

Nirudi Manfuha, maana sijawaambia wale wageni wanakumbuka vipi. Ukiwa kwenu na mwimbaji unayempenda akafa, unaweza kwenda mazishini, ukasimama njiani jeneza likipita, ukaomboleza na wenzako. Mtu wa Manfuha hana hayo. Ana chumba cha watu sita, ana simu, ana zamu ya kesho asubuhi. Hata kukaa kwenyewe si kwa uhakika. Novemba 2013, ulipoanza msako wa wahamiaji wasio na vibali, ghasia zilizuka mtaani humo, watu wakapoteza maisha, na katika miezi iliyofuata Waethiopia zaidi ya 150,000 walirudishwa kwao.

Usiku wa tarehe 29 Juni 2020, Hachalu Hundessa aliuawa kwa risasi mjini Addis Ababa. Alikuwa kijana wa Ambo, Moromo, aliyefungwa jela akiwa na miaka 17, akakaa miaka mitano, akatoka na nyimbo. Vijana wa Oromia walizichukua nyimbo zile kama sauti yao wenyewe. Fikirini basi hali ya kibarua wa Kioromo Riyadh siku ile. Ndege zimesimama kwa ajili ya korona. Ghasia zimezuka nyumbani, watu wengi wanakufa. Anapiga simu kwa mama yake kwa intaneti, haiingii, kwa kuwa serikali ya Ethiopia imeikata, na itakaa imekatwa wiki kadhaa. Amebakiwa na nini? Amebakiwa na nyimbo alizozihifadhi.

Miaka miwili baadaye, tarehe 6 Novemba 2022, akaondoka mkubwa wao wote, Ali Birra wa Dire Dawa. Huyu alifariki kwa maradhi, mzee aliyeheshimika. Jina la Birra hakuzaliwa nalo: lilitokana na wimbo wake wa kwanza, uliotaja majira mazuri yanayokuja mvua zikikatika, nao watu wakaligeuza likawa jina lake. Aliimba kwa Kioromo hasa, lakini pia Kiamhari, Kiharari, Kiarabu, Kisomali, na Kiswahili chetu. Mtu wa lugha sita! Kwa hiyo kumlilia Ali Birra halikuwa jambo la Waoromo peke yao.

Kuna namna nyingine ya kumbukumbu inayoniuma, nayo ni kumfunga mtu kwenye kosa lake moja. Jeddah alikuwapo beki wa Al-Ittihad aitwaye Mohammed al-Khilaiwi. Alikuwamo katika timu ya Saudia iliyokwenda Kombe la Dunia mara ya kwanza, mwaka 1994, ikafika hatua ya 16 bora. Mwaka 1998 alirudi tena, na katika mechi dhidi ya Ufaransa alionyeshwa kadi nyekundu mapema kabisa, dakika ya 19. Saudia ikafungwa 4-0. Al-Khilaiwi alifariki Jeddah tarehe 13 Juni 2013 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa mwanamume wa miaka 41 tu, na wapo waliomtaja siku hiyo kwa kadi ile. Sasa niwaambie kitu. Katika mechi ileile, Zinedine Zidane naye alitolewa kwa kadi nyekundu. Mwezi uliofuata akafunga mabao mawili kwenye fainali, na nani leo anaanza habari za Zidane wa 1998 kwa kadi? Beki wa Jeddah hakupata fainali ya kujisafishia jina. Basi sisi tunaobaki ndio wa kumtendea haki: alikuwa beki shupavu, aliichezea nchi yake katika Kombe la Dunia mara mbili, na wangapi duniani wamefanya hivyo?

Nimebakiza mmoja, na huyu nampenda sana.

Mwaka 2009, katika nyanda za juu za Elgeyo Marakwet nchini Kenya, mkimbiaji mmoja kutoka Rwanda alikuwa akifanya mazoezi karibu na shamba la familia fulani. Kila akipita, mtoto mchunga mifugo alimfuata nyuma mbio, peku, akimkanyagakanyaga visigino. Mkimbiaji akamfukuza. Mtoto akarudi. Akamfukuza tena. Mtoto huyo alikuwa Kelvin Kiptum. Yule Mnyarwanda alikuwa Gervais Hakizimana, na baadaye ndiye aliyekuwa kocha wake. Korona ilipofunga mipaka, Hakizimana alibaki Kenya, wakawa wanakimbia pamoja msituni, yule mkubwa na yule aliyekuwa akifukuzwa.

Tarehe 8 Oktoba 2023, mjini Chicago, Kiptum alimaliza mbio za marathoni kwa saa 2, sekunde 35. Nasema tena polepole: saa mbili na sekunde thelathini na tano, kilomita 42 na zaidi. Hakuna mwanamume aliyekuwa amewahi kukimbia marathoni ya mashindano rasmi kwa kasi hiyo. Na ilikuwa marathoni yake ya tatu tu maishani. Tarehe 6 Februari 2024 shirikisho la riadha la dunia likaithibitisha rekodi. Siku tano baadaye, usiku wa tarehe 11, gari alilokuwa akiliendesha liliacha barabara upande wa Kaptagat, karibu na Eldoret. Alikuwa na miaka 24. Dunia nzima ikalia, marais wakatuma rambirambi, jina la Kiptum likatajwa kila lugha.

Ndani ya gari lile walikufa watu wawili. Wa pili alikuwa Hakizimana, mwenye miaka 36. Niliposikiliza taarifa za usiku ule, nyingi zilisema tu "Kiptum na kocha wake". Kocha wake! Kama kwamba hakuwa na mama aliyempa jina.

Tuna neno tanzia, nalo tumelipata kutoka Kiarabu, kwenye neno la kufariji waliofiwa. Bibi yangu alikuwa na namna yake ya kulitimiza. Redio ikitangaza kwamba mwimbaji fulani amefariki, alizima redio. Akaenda kwenye lile bati la biskuti alimoweka kaseti zake, akaitafuta ya marehemu. Kama utepe umetoka nje, aliingiza kalamu kwenye tundu la kaseti akauzungusha taratibu, kric kric kric, huku akitunza betri. Kisha akaiweka, akatuita, akatueleza: huyu ameimba, lakini maneno ni ya fulani, na fidla inapigwa na fulani, na bendi ilikuwa ikiongozwa na fulani. Sisi tulitaka kucheza nje. Alitushika mikono tukakaa mpaka upande wa kwanza ukaisha. Majina mengi aliyoyataja sikuyaona yameandikwa popote. Baadhi nayakumbuka. Baadhi yamenipotea, na hakuna wa kumuuliza.

Kwa hiyo nina ombi kwenu kabla hamjaenda kulala. Siku mtakaposikia kwamba mtu mashuhuri amefariki, kwanza hakikisheni ni kweli, maana watu wengi wameshazikwa kwenye simu wakiwa hai. Kisha chukueni daftari, andikeni jina lake kwa usahihi, alizaliwa wapi, alifanya nini. Chini yake acheni mstari mtupu. Halafu mfuateni babu, shangazi, mwalimu, mzee wa mtaa, mumuulize: nani alimfundisha huyu? Nani alimtungia maneno? Jazeni mstari ule.

Tuanze sasa hivi, tena kwa sauti, mpaka wa nyuma wasikie. Kelvin Kiptum. Na chini yake: Gervais Hakizimana, mkimbiaji na kocha, mwana wa Rwanda.